Kuingia si Kupatana

Yako maneno mawili ambayo mazungumzo yetu ya kila siku huyachanganya kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, nayo ni kuingia na kupatana. Ufunguo waweza kuingia katika kufuli nao usiifungue. Mguu waweza kuingia katika kiatu kisichokuwa chake, na malengelenge yakatoa ushahidi kabla ya nusu ya safari. Mgeni huingia katika nyumba ya watu, akakaa humo miaka, wala asipatane na mtu hata mmoja. Kuingia ni habari ya mlango. Kupatana ni habari ya maisha yanayofuata baada ya mlango kufungwa.

Nawaomba wasomaji wanivumilie nikiitafuta tofauti ya mambo haya mawili mahali ambapo wachache watadhani kuwa pana falsafa, yaani ndani ya kisanduku cha kompyuta ya kuchezea, iliyonunuliwa kwa fedha haba na kijana mmoja wa Muleba. Swali langu ni la maadili zaidi kuliko la ufundi. Mtu aliyesema kwamba kitu kitaingia, nacho kikaingia kweli, hali alijua au angaliweza kujua kwamba hakitapatana, je, amesema kweli au amesema uongo? Sitalijibu kama hakimu, kwa sababu katika kesi hii mimi mwenyewe ni mmoja wa washitakiwa.

Kijana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kamachumu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawa anangoja matokeo. Kwa misimu miwili alichuma kahawa kwa majirani, akaanika, akabeba magunia mpaka barabarani, na fedha aliyoipata hakuitawanya kwa soda wala kwa nguo. Siku moja alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, “Mjomba, nina shilingi 620,000. Nataka kompyuta ya kuchezea mpira. Wewe uko mjini, nawe umefundisha fizikia. Nichagulie vipande vinavyopatana.” Neno hilo la mwisho lilikuwa lake, halikuwa langu. Laiti ningalilisikia vema siku ile!

Najua kuwa wako watakaokunja uso na kuuliza kwa nini jasho la mchuma kahawa liishie katika mchezo. Wazee wetu hukaa chini ya mti wakacheza bao tangu alasiri mpaka magharibi, na hapana mtu awaulizaye bao limezaa debe ngapi za maharage. Mpwa wangu mwenyewe alikuwa amepiga hesabu ya senti alizokuwa akizilipa, mechi baada ya mechi, katika kibanda cha michezo cha Muleba mjini, akaona kuwa kwa muda mrefu alikuwa akinunua kompyuta ya mtu mwingine. Naamini kwamba mchezo wa mtu mwenye kipato kidogo unastahili kuchaguliwa kwa uangalifu ule ule wa kuchagua jembe lake. Tajiri akikosea hununua kingine. Huyu wa pili, akikosea, hungoja mpaka kahawa iive tena.

Kompyuta ikifunuliwa huwatisha wasioizoea, lakini viungo vyake vikubwa havizidi vidole vya mikono miwili. Pana prosesa, ambayo ndiyo hufanya hesabu. Pana mazabodi, ubao ambao viungo vyote hukaa juu yake na kupashana habari. Pana memori, ambayo hushika kazi ya saa ile, na diski, ambayo ni ghala la mambo ya kudumu. Pana kadi ya picha, nayo katika mashine ya michezo ndiyo mtumishi mkuu, kwa sababu kila mchezaji akimbiaye na kila jani la uwanja huchorwa nayo upya mara nyingi katika sekunde moja. Mwisho pana pawa saplai, kisanduku cha chuma kisichosifiwa na mtu, ambacho hupokea umeme wa ukutani na kuugawia viungo vyote kwa kadiri ya uwezo wake. Kila kimoja kina bei yake, na kila kimoja kina mdomo wake.

Katika hivi vyote naona memori ndiyo yenye adabu kuliko wenzake. Memori ya DDR3 na ile ya DDR4 iliyoifuata hufanana kama mapacha. Walakini kila moja imekatwa pengo dogo katika ukingo wake, na pengo la hii haliko mahali pa pengo la ile. Ukikosea, haiingii, utasukuma, utageuza, mwisho utashuku, na shaka hiyo itakuokoa. Yeye aliyebuni pengo lile alijua kwamba siku moja mtu asiyemfahamu, katika mji asioujua, chini ya taa hafifu, atashika kipande kisichokuwa chake, naye akamlinda kabla hajakosea. Jambo hili nauita uungwana wa fundi.

Uungwana huo haupatikani kila mahali. Mwaka 2015 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 6 zikaazo katika soketi iitwayo LGA 1151, jina linalotokana na hesabu ya pini zake. Na zile za kizazi cha 7 zikakaa humo humo. Mwishoni mwa mwaka 2017 kikaja kizazi cha 8. Soketi yake ilikuwa na hesabu ile ile na jina lile lile, lakini kazi za baadhi ya pini zilikuwa zimebadilishwa, na prosesa hizo zilitaka mazabodi mpya za mfululizo wa 300. Mwenye mazabodi ya zamani aliweza kuiweka prosesa mpya mahali pake na kuifunga kwa kishikizo chake, na mashine isiwake. Ukoo wa prosesa hizo uliitwa Coffee Lake, yaani Ziwa la Kahawa, na mtu wa Bukoba angesamehewa kama angedhani kuwa jina hilo limetungwa kwa heshima ya mji wake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kwa fedha kama ile, njia iliyo ya busara ni kununua mashine ya ofisi iliyokwisha kustaafishwa ng’ambo, kisha kuiongezea kadi ya picha. Nilipata moja katika duka la mjini Bukoba kwa shilingi 280,000, yenye prosesa ya kizazi cha 6 na memori ya gigabaiti 8, na skrini kwa shilingi 90,000. Zikabaki shilingi 250,000. Muuzaji akaweka mezani kadi mbili zilizotumika, ambazo bei zao zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa GTX 1050 Ti ya NVIDIA, ya mwaka 2016. Ilikuwa fupi, yenye feni moja, nayo huhitaji wati 75, ambazo ndizo mazabodi iwezazo kuipa kwa njia ya soketi yake bila waya mwingine. Ya pili ilikuwa RX 580 ya AMD, ya mwaka 2017, ndefu, nzito mkononi, yenye feni mbili, na mahitaji yake ni wati 185.

Nikauliza, “Hii kubwa itaingia?”

“Inaingia kabisa, mwalimu,” akajibu, naye akaifungua mashine, akaiingiza mbele ya macho yangu. Ikaingia. Ilipungukiwa kitu kimoja tu: kadi ilikuwa na mdomo wa pini 8, na pawa saplai ya mashine ile haikuwa na waya wa namna hiyo. “Usihofu, waya upo,” akasema, akatoa droo ya mezani waya mfupi wa kuunganishia, wa shilingi 15,000, ambao upande mmoja huvaa midomo miwili iliyokusudiwa kulisha diski, na upande wa pili hujifanya mdomo wa pini 8.

Msomaji atazame waya huo vizuri. Hugeuza umbo la mdomo, lakini hauongezi chakula chunguni. Kila mdomo wa diski umekadiriwa kwa wati 54 katika volti 12, yaani midomo miwili ni wati 108, ilhali mdomo wa pini 8 huahidi wati 150. Tena ubavuni mwa pawa saplai palichapwa kwa herufi za kusomeka kabisa: wati 240. Prosesa peke yake ilikadiriwa kwa wati 65. Mimi, niliyesimama mbele ya ubao miaka mingi nikiwafundisha watoto wa watu kuzidisha volti kwa ampea, sikujumlisha 65 na 185.

Sikushindwa na hesabu ile, sikutaka kuifanya. Nilikwisha kuiona sura ya kijana afunguapo boksi, na katika sura ile nilijiona mimi, mjomba wa mjini aliyeleta kadi kubwa. Ile ndogo isingalinisifu kwa mtu. Nikalipa shilingi 230,000, nikalipa na waya, na shilingi 5,000 zilizosalia nikazifanya nauli.

Barabara ya kwenda Muleba hupitia Kemondo, penye bandari ya ziwani, na nipitapo hapo aghalabu hukumbuka kuwa katika nchi ile, huko Kemondo na Katuruka, walichimbua tanuri za chuma za wahenga wetu, zenye umri upatao miaka 1,500 hadi 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliifanya tena mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 waliandika kwamba watu wale wa kale walipata chuma cha pua kwa ufundi wa namna ya pekee. Wataalamu wamebishana juu ya jambo moja na jingine tangu hapo, lakini lililonivutia mimi ni viungo vyenyewe. Udongo ulikuwa wa kichuguu. Shimo la tanuri lilijazwa majani ya bwawani yaliyochomwa. Mirija ya udongo iliingizwa ndani ya tanuri, hata ikasemwa kuwa upepo wa mivukuto ulipashwa moto humo kabla haujafika makaani. Hapana kimoja kati ya hivyo kilicho cha fahari. Ukimwonyesha mtu kichuguu na fungu la majani hatakwambia kuwa ameona utajiri. Siku ile nilipita Kemondo nimepakata boksi la kadi, nikayakumbuka haya yote kwa furaha, wala fikira haikunijia kwamba yananihusu.

Usiku tuliwasha mashine. Picha ikatokea, dada yangu akapiga makofi, majirani wawili wakasogeza viti. Kijana akafungua mpira wake. Timu zikaingia uwanjani, mpira ukawekwa kati, na mara mchezo ulipoanza mashine ikazimika. Tukawasha tena, ikazimika tena mahali pale pale. Mara ya tatu pakatoka harufu ya plastiki, nami nikaung’oa waya ukutani. Ule waya wa kuunganishia ulikuwa umeanza kulainika.

Kimya kilichofuata sitakisahau, lakini kilichoniumiza zaidi ni maneno ya kijana. Alisema kwa sauti ya adabu, “Mjomba, labda ni mimi nimekosea kuiwasha.”

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu naona ndipo mzizi wa ubaya wa jambo hili ulipo. Kitu kisichoingia humshitaki mwuzaji papo hapo, juu ya meza yake. Kitu kilichoingia bila kupatana huchelewesha mashitaka mpaka mnunuzi awe mbali, peke yake, usiku, hana wa kumwuliza, na hapo mashitaka humwangukia yeye asiyejua. Hujiona mjinga. Hudhani mikono yake ina kasoro. Waliodanganywa kwa uongo mtupu hukasirika, na hasira ni namna ya heshima. Lakini waliopewa ukweli nusu hutubu kwa dhambi wasiyoitenda.

Siku mbili baadaye nilirudi dukani. Muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ukali, “Mwalimu, uliniuliza kama inaingia. Sikukudanganya.”

Ilikuwa kweli. Kila neno alilolisema lilikuwa sawa na jambo lilivyokuwa. Je, tutamhukumuje? Wako wanaosema kuwa wajibu wa msema kweli hukoma katika swali aliloulizwa, na kwamba asiyejua kuuliza na alipe ada ya ujinga wake. Hoja hii ina nguvu yake, kwa maana kama kila muuzaji angepaswa kukisia yote ambayo mnunuzi hakuyauliza, soko lingefungwa kabla ya adhuhuri. Lakini tazama tena lile pengo la memori. Memori haikuulizwa neno. Pengo lilijibu swali ambalo mkosaji hakujua kuliuliza, na gharama yake ilikuwa ndogo. Nadhani huo ndio mpaka wa wajibu wetu. Ikiwa ninajua, na kusema kwangu hakunigharimu ila pumzi, na kunyamaza kwangu kutamgharimu mwenzangu misimu miwili ya kahawa, basi mimi nimewekwa kuwa pengo, nami nikijilainisha ili kipande kipite nimefanya uovu hata kama sikusema uongo.

Hata hivyo sikuweza kumwambia muuzaji maneno hayo kwa sauti kubwa. Yeye alikuwa soketi isiyo na pengo, lakini mimi nilikuwa nani? Kijana hakumtuma yeye; alinituma mimi. Yeye aliulizwa juu ya kuingia akajibu kuingia. Mimi niliombwa kupatana, nikaleta kuingia. Hatia ya anayejua mengi akiombwa kwa neno lenyewe haiwezi kuwa sawa na hatia ya aliyejibu swali bovu. Nikamwambia tu kwamba wote wawili tulisoma ile 240 ubavuni. Akatazama chini. Akakubali kuipokea kadi kwa shilingi 160,000, na waya hakuutaka.

Katika maandiko ya Plato yamo mazungumzo ambamo Socrates anamhoji Hippias, mtu aliyejisifu kwa elimu nyingi, juu ya uzuri wa vitu. Hippias amekwisha kusema kuwa dhahabu hupamba kila kiguswacho nayo. Ndipo anapoulizwa juu ya chungu cha udongo kilichojaa mchuzi mzuri wa kunde: je, kikorogwe kwa mwiko wa dhahabu au wa mti wa mtini? Wa dhahabu wasemekana ni bora, lakini waweza kukipasua chungu, ukamwaga mchuzi na kuzima moto. Wa mti hukoroga, na mchuzi ukanukia. Hippias akachukizwa na mtu aletaye miko katika mazungumzo ya wakubwa. Nami namwelewa, maana swali la mwiko hunyenyekesha. Latuambia kuwa wema wa kitu si mali aliyonayo kitu hicho akitembea nayo kila aendako, kama mtu atembeavyo na urefu wake, bali hukopeshwa na chungu, na moto, na mchuzi. RX 580 ni kadi bora. Ndani ya mashine ile ilikuwa mwiko wa dhahabu, na kilichopasuka ni chungu cha udongo.

Nilipofika Kamachumu na habari za mapatano ya muuzaji, mpwa wangu alinishangaza. Hakutaka kadi irudishwe. “Mjomba,” alisema, “kahawa hupandwa leo ikachumwa baada ya miaka. Tuiweke kadi chini ya kitanda. Nikipata fedha nitainunulia pawa saplai yake, nayo itapata nyumba inayoifaa. Tukichukua ndogo, tumekubali udogo.”

Hoja hii haikuwa ya kitoto, na kwa muda ilinishinda. Kupatana kwaweza kuwa jina zuri la kukata tamaa. Ni rahisi kuvipatanisha vipande vyote kwa kuvishusha vyote mpaka kimo cha kilicho hafifu kabisa, na wako walimu, Mungu atusamehe, waliokwisha kufanya hivyo kwa watoto wa watu, wakimwambia mwenye kipawa kwamba hapatani na kijiji chake. Nilitazama kibanja cha dada yangu mbele yetu. Mgomba na mbuni haviko sawa kwa kimo, wala kwa umri, wala kwa kiu. Mgomba humpa mbuni kivuli, majani yake makavu hufunika udongo, chini yake maharage hutambaa, na samadi ya ng’ombe hulisha wote. Kwa hiyo kupatana hakudai usawa. Kwaweza kuwa na mkubwa na mdogo, na wa leo na wa kesho.

Lakini niliona tofauti, nikamweleza. Mche ukingoja hukua, ila kadi ikingoja chini ya kitanda huzeeka bila kukua. Tena mashine ile ya ofisi ilijengwa kwa vipimo vya kampuni yake yenyewe, hata pawa saplai ya kawaida haiingii humo bila waya mwingine wa kugeuza. Angenunua moja, ingemdai ya pili, na ya pili ingedai ya tatu. Mtu atakaye kuweka akiba ya kesho katika kompyuta aiweke katika msingi. Wale walionunua mazabodi ya AMD ya soketi ya AM4, iliyoanza mwaka 2016, waliweza miaka kadha baadaye kutia prosesa za mwaka 2020, ijapokuwa mazabodi nyingi za mwanzo zilitaka kwanza programu yao ya BIOS ifanywe upya. Huko ndiko kupatana na kesho: kununua nafasi, na kukiacha kitakachoijaza kije kwa wakati wake. Ama juu ya kipawa cha mtu, huo mfano wa kadi haufai hata kidogo, kwa kuwa mtu huweza kuukuza mdomo wake mwenyewe, na kadi haiwezi.

Tulibishana hivyo mpaka mama yake, aliyekuwa akichambua maharage tangu mwanzo wa maneno, akauliza, “Na LUKU je?”

Tulinyamaza wote wawili. Wateja wadogo wa nyumbani hupata uniti za umeme kwa bei nafuu iwapo hawapiti uniti 75 kwa mwezi. Ukiuvuka mpaka huo, bei ya uniti hupanda sana. Dada yangu ana taa, pasi, redio, na friji ndogo ya soda azouzazo barazani, na kwa kawaida hutumia uniti 60, naye azijua kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Nikachukua karatasi, safari hii nikafanya hesabu. Mashine yenye kadi kubwa, ikishibishwa ipasavyo, pamoja na skrini, ingekula wati zipatazo 280; kwa saa tatu kila siku ni uniti 25 kwa mwezi, na nyumba ingefika 85. Yenye kadi ndogo ingekula wati kama 150, yaani uniti 13 na nusu, na nyumba ingekoma katika 73 na nusu.

“Mlinunua kitu cha kukaa nyumbani kwangu,” alisema dada yangu, “mkauliza kama kinapatana na ubao, na waya, na kesho. Mimi niliulizwa lini?”

Sikuwa na jibu. Katika habari zote za kuchagua vipande nilizowahi kuzisoma, na katika hizi nilizoziandika hapo juu, yeye hakuwamo. Kijana alikaa kimya, kisha akaingia ndani akaileta kadi ndani ya boksi lake, akaniwekea miguuni.

Kadi ndogo ilikuwa shilingi 210,000. Zile 50,000 zilizopungua nilizitoa mfukoni mwangu, pamoja na thamani ya waya ulioungua, nikamwambia kijana kuwa si zawadi. Alielewa, maana hakusema ahsante. Aliinama tu akaendelea kukaza skrubu. Nyuma ya daftari lake la hesabu alikuwa amepiga mistari akafanya jedwali: jina la kipande, hula wati ngapi, hukaa na nani. Mstari wa mwisho aliandika “Mama”, na mbele yake, “uniti 15, saa tatu, si zaidi.”

Nyasi za uwanja hazikuwa nzuri kama zile ambazo kadi kubwa ingezichora. Mashabiki walionekana kama karatasi. Lakini mpira ulitembea. Alikuwa akiongoza mabao mawili kwa moja ngurumo zilipoanza upande wa ziwa, na katika nchi ile yenye karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka ngurumo si jambo la kungojea ushahidi. Alinyosha mkono, akachomoa waya ukutani mchezo ukiwa katikati, wala hakulalamika. Mvua ikashuka juu ya mabati. Dada yangu akawasha kibatari, tukala maharage.